Puli ya Issuna Niliyoifunga kwa Jicho

Nyinyi mnaokwenda mafunzo ya vitendo mwaka huu, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie maneno mawili matatu kabla hamjatawanyika. Nilimwambia darasa la tatu sikulimaliza. Akasema ndiyo maana ananiomba mimi. Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinitukana, lakini nimekubali.

La kwanza ni hili. Ukifika karakana ya mtu, salimia. Usitangulize bahasha. Nimepokea vijana wa chuo miaka mingi pale Mwankoko, na wengine walikuwa wananyoosha barua kabla hawajafungua mdomo, kana kwamba mimi ni dirisha la posta. Barua nitaisoma. Polepole, lakini nitaisoma. Shikamoo kwanza.

La pili, tafuta ufagio. Najua mtanuna. Mmesoma miaka mitatu, mnapewa ufagio. Lakini ukifagia chini ya mashine unaisoma mashine yenyewe. Unga mweusi wa chuma maana yake kuna beringi inajila. Mafuta yaliyolowa upande mmoja maana yake sili ya kuzuia mafuta imekufa. Nyuzinyuzi za mkanda maana yake puli mbili, yale magurudumu yanayovutwa na mkanda, hazitazamani sawasawa. Mimi nimewahi kumwambia mtu ubovu wa mashine yake nikiwa nimeshika ufagio tu, mashine yenyewe sijaigusa, na akadhani nina dawa za kienyeji.

Nilikuwa fundi wa mashine za kukamua alizeti. Nasema nilikuwa, kwa sababu nimestaafu. Hakuna aliyenistaafisha wala kunifanyia sherehe. Magoti yaligoma, basi. Leo nataka kuwaambia habari ya puli moja ya kijiji cha Issuna, ambayo nusura imnyime binti wa watu cheti chake. Kosa lilikuwa langu. Nitafika huko kwa mwendo wangu, maana kosa la fundi hulielewi kama hujui fundi huyo alifundishwa wapi.

Mimi nilifundishwa dukani. Mjini Singida alikuwepo Bwana Ramji, Mhindi mwenye duka la vipuri, miwani yake ameifunga kwa uzi wa kushonea. Nilikuwa mbebaji wake wa mizigo. Siku moja akaniambia nilete beringi namba 6308. Nikaleta 6208, maana kwangu zote zilikuwa namba tu. Hakunigombeza. Akasema, "Leta zote mbili. Weka hapa mezani. Hizi namba mbili za mwisho ni ngapi?"

"Nane."

"Zidisha kwa tano."

Nikahesabu kwa vidole, nyuma ya mgongo ili asione. "Arobaini."

"Sasa pima tundu."

Nikapima. Milimita arobaini. Nikapima ile nyingine, arobaini vilevile. Akanionyesha kwamba tundu ni moja ila mwili ni tofauti, moja nene na nyingine nyembamba, na hiyo ndiyo kazi ya namba za mbele. Siku ile nilipima beringi zote za rafu ile hadi duka likafungwa. Kuanzia nne kwenda juu, zidisha kwa tano, hukosei. Shuleni nilikuwa nimeona hesabu za maembe ya mtu nisiyemjua. Hii ilikuwa hesabu ya kushika mkononi.

Kwa hiyo asije mtu akanidhania sijui hesabu. Najua. Shida ni kwamba nilivyozidi kupata jina niliacha kuitumia. Watu walikuwa wanasema fundi huyu hana haja ya kupima, ana jicho. Nikayaamini maneno yao.

Sasa niwaambie chuo kilivyokuwa zamani, maana nyinyi mmekuta kimebadilika mkadhani kilizaliwa hivyo. Mwanafunzi alikuwa anakaa kwangu wiki chache. Mwalimu anakuja mara moja, anakunywa soda, anagonga muhuri, anaondoka. Kijana mmoja nilimwuliza kwa nini mota inanguruma halafu haizunguki. Akanieleza vizuri kabisa jinsi mota ilivyovumbuliwa. Nikamwambia, "Huyo aliyeivumbua hayupo hapa. Tupo mimi na wewe." Hakuwa mjinga yule. Alifundishwa kwa ajili ya ofisi kubwa yenye mafundi chini yake, na ofisi hizo zilikuwa zimeshajaa. Wenzake wengi walikaa nyumbani na vyeti ndani ya mifuko ya plastiki, huku mimi nikitafuta mtu wa kunisaidia simpati.

Nisiwacheke peke yao. Umeme ulipofika vijijini, wenye mashine wakaanza kutoa injini za dizeli na kufunga mota, nami nikaparamia kazi hiyo bila kuisomea. Mota ya kwanza niliyofunga, mashine ikawa inairudisha alizeti juu badala ya kuikamua. Nilifungua giaboksi yote. Siku nzima, jasho linatiririka, kila jino nimelifuta. Jioni akapita fundi umeme, akatazama, akabadilishana waya mbili kati ya tatu, dakika moja, mashine ikakamua. Mota ilikuwa inazunguka kinyume. Akaniuliza, "Ulikuwa unatafuta nini humo ndani?" Nikamwambia nasafisha.

Ndipo chuo kikatuita mkutanoni. Wenye mashine, wachimba visima, wauzaji wa umeme wa jua, na sisi mafundi wa mtaani. Wakasema wanabadilisha mtaala, wanataka kujua tunahitaji kijana wa namna gani. Wengine waliongea sana. Mimi nikasema, "Anayejua kufagia, na anayefanya anachoambiwa." Wakacheka, lakini wakaandika.

Toka hapo mafunzo ya vitendo yakawa marefu, miezi na miezi. Wakaongeza umeme wa jua na paneli za kuendeshea mota. Na kubwa kuliko yote, kila mwanafunzi achukue mashine ya mtu yenye ubovu wa kweli, aitafutie dawa, halafu aiwashe mbele ya mwalimu na mwenye mashine. Kwa mashine ya alizeti kipimo kikawa gunia zima. Gunia likiisha, umefaulu. Mashine ikisimama katikati, unarudia mwaka.

Hapo ndipo aliponijia Rehema, Mnyiramba wa Mkalama. Alisalimia vizuri, akaulizia ufagio kabla sijamwambia. Nikamtania, "Nyinyi Wanyiramba mnajua kufagia kweli, au unataka kunifukia na vumbi?" Akasema, "Mzee, vumbi hili limekukuta hapa au umelizaa?" Nikajua tutaelewana. Baadaye aliniambia kwamba kwao walishasema mwaka huu ndio wa mwisho kumsomesha, wadogo zake wanasubiri. Kwa hiyo akirudia mwaka, harudii. Anakwenda nyumbani.

Mashine aliyopewa ilikuwa ya kikundi cha akina mama cha Issuna. Mwenyekiti wao ni Mama Zuhura, mtu asiyejua kuzungusha maneno. Mashine yao ilikuwa inakata shafti. Msimu mmoja shafti mbili, na kila ikikatika wananiita mimi. Siku niliyompeleka Rehema, Mama Zuhura akanipokea hivi: "Fundi, karibu. Hizi shafti unazotuletea ni za chuma au za muhogo?"

Rehema akaanza kazi. Akaweka alama ya chaki kwenye puli kubwa ya mashine, akairekodi kwa simu ikizunguka, halafu akaitazama video hiyo polepole akihesabu alama inapita mara ngapi. Mimi nimekaa pembeni natafuna alizeti. Alizeti ikivunjika kwa mlio mkavu imekauka vya kutosha. Ikilalia jino, irudishe juani. Hilo andikeni, hamtalikuta kwenye simu.

Kisha akachukua msasa akaanza kukwangua ubavuni mwa mashine.

"Mzee, hapa chini ya rangi kuna kibao."

"Nakijua. Nilikipaka rangi mwenyewe ili mashine ipendeze."

"Ndicho kilichoandikwa mashine izunguke mara ngapi kwa dakika."

Nikatafuna punje nyingine ya alizeti. Kile kibao kilikuwa na Kiingereza, nami Kiingereza nilikuwa nakitibu kwa brashi.

Akalinganisha. Mashine ilikuwa inakimbia karibu mara moja na nusu ya kasi iliyoandikwa kwenye kibao. Nitaeleza kwa wasiojua. Injini ya dizeli ya zamani inazunguka taratibu, mota inazunguka haraka zaidi. Ukitoa injini ukafunga mota, lazima puli ya kwenye mota iwe ndogo, la sivyo mashine inakimbia kuliko ilivyoumbwa. Fundi aliyefunga mota ile alikuwa amejaribu puli ndogo, mkanda ukateleza, akaona taabu, akafunga kubwa kidogo kwa jicho. Mafuta yalitoka haraka na watu wakampigia makofi.

"Mzee," Rehema akasema, "hii puli ya mota alifunga nani?"

"Fundi mmoja."

"Yupo bado?"

"Yupo."

"Basi huyo hakupiga hesabu."

Nikamwambia, "Shika spana."

Tuliporudi Mwankoko akaniletea daftari. Ameichora puli, ameweka vipimo, ameonyesha kasi inavyotakiwa ishuke. Kazi safi. Nikatazama ukurasa ule kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji kuusoma. Halafu nikasema, "Shida ni chuma. Tutengeneze shafti ya chuma kigumu zaidi."

"Lakini mzee, hata ikiwa ngumu, kasi ni ileile."

"Wewe umefunga mashine ngapi maishani mwako?"

"Hata moja."

"Basi."

Akafunga daftari. Hakunibishia tena. Alilelewa vizuri yule binti, na siku ile malezi yake yalinifaa mimi, yakamponza yeye. Tulitengeneza shafti ngumu, nzuri, inang'aa, ya kumpeleka mtu mahali asipostahili.

Siku ya kupimwa mwalimu alikuja Issuna asubuhi. Akina mama walikuwa wameshaanika alizeti juani tangu mapema, maana alizeti yenye joto inatoa mafuta kirahisi. Rehema akawasha. Mafuta yakaanza kushuka, mashudu yakatoka membamba kama maganda ya kitunguu, kila mtu akapumua. Nilikuwa nimewafundisha akina mama wale kupima beringi kwa kiganja: weka mkono juu ya nyumba ya beringi, hesabu. Ukifika kumi bila kuondoa mkono, beringi ina afya. Mama Zuhura akaweka mkono. Alipofika nne akautoa.

"Inaunguza," akasema.

Gunia halijafika nusu, mashine ikalia mlio mmoja, kama mtu kavunja ukuni mkavu, na mkanda ukaanza kuzungusha puli peke yake. Shafti imekatika.

Mwalimu akamwita Rehema mbele ya watu wote. "Ulipima kasi?"

"Nilipima, mwalimu."

"Ulipata nini?"

Akatazama viatu vyake. "Ilikuwa juu."

"Ulijua iko juu, na bado ukafunga shafti mpya ukawasha?"

Rehema akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Kwa nini?"

"Nilikosea, mwalimu."

Hakugeuka kunitazama. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenitazama hata mara moja, ningepata cha kujitetea, ningesema binti huyu ananisingizia. Alisimama pale na ovaroli yake yenye mafuta, akabeba kosa langu kama mtu anavyompokea mzee mzigo njiani. Mwalimu akatoa kalamu, akaiweka juu ya fomu.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mashudu. Nilikuwa na jina kuanzia Issuna hadi Sepuka. Niliwaza, nikinyamaza, jina linabaki palepale, na yeye anarudi Mkalama. Niliwaza pia habari ya Bwana Ramji, kwamba nilipoleta beringi isiyo sahihi hakuniambia niifunge hivyohivyo.

Nikasimama. Magoti yalikuwa yameshaanza, kwa hiyo nilisimama kwa awamu.

"Mwalimu, usiandike kwanza. Puli ile niliifunga mimi. Binti alinionyesha hesabu, imo kwenye daftari lake, ina michoro. Nilimkatalia."

Watu wakanigeukia. Mama Zuhura ndiye aliyefungua mdomo. "Kumbe."

"Ndiyo."

"Misimu mitatu, fundi. Misimu mitatu unatuletea dawa ya ugonjwa uliotuletea wewe mwenyewe."

Nikasema, "Ni kweli, mama."

Mwalimu akasoma ule ukurasa. Akamgeukia Rehema. "Na wewe kwa nini hukusema?"

"Ni mzee wangu, mwalimu."

"Naelewa. Lakini mashine haimwamkii mtu." Akarudisha kalamu mfukoni. "Siwezi kuandika umefaulu, mashine imesimama; wala sitaandika umeshindwa, maana hesabu yako ilikuwa sahihi. Nitarudi Ijumaa. Gunia zima, kama wengine."

Ilikuwa Jumanne. Tukarudi karakana. Nikamwambia Rehema, "Kazi ni yako, sema unataka nini." Akasema hataki kupunguza puli ya mota, kwa sababu ikiwa ndogo sana mkanda utateleza kama ulivyonitelezea mimi. Anataka puli ya upande wa mashine iwe kubwa zaidi. Hilo mimi misimu yote halikunijia kichwani. Lakini puli kubwa kiasi kile ataipata wapi kwa siku mbili? Hapo nami nikawa na faida. Nilikumbuka mashine ya kusaga iliyokufa Sepuka, imetupwa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo. Puli yake ilikuwa kubwa na nzima. Tulimhamisha kuku mmoja aliyekataa kuondoka, tukaibeba.

Rehema akasimama kwenye mashine ya kuchonga chuma, akachonga shafti nyingine, kisha akalipanua tundu la ile puli ikae nayo sawasawa. Mimi nikashika ufagio. Kila alipomaliza kupima nilimwambia, "Pima tena," naye akapima tena. Alhamisi tulifunga, nikamwonyesha namna ya kunyoosha puli mbili kwa uzi: vuta uzi ukatishe nyuso zote mbili, ukigusa sehemu nne mkanda utaishi miaka. Alisema chuoni wana kifaa cha mwanga kwa kazi hiyo. Nikamwambia asikidharau uzi, hauhitaji chaji.

Ijumaa gunia liliingia lote. Mafuta yalishuka taratibu kuliko zamani, na mama mmoja akanong'ona kwamba mashine imezeeka. Mama Zuhura akaweka kiganja juu ya beringi akahesabu kwa Kinyaturu, kwa sauti, hadi kumi. Hakuondoa mkono. Akaendelea hadi ishirini, nadhani kwa ajili yangu. Gunia likaisha. Mwalimu akaandika.

Mimi kazi yangu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, maana jicho lile halikuishia Issuna. Nilikuwa na orodha kichwani ya kila mota niliyoifunga. Nilikwenda kwa mwenye mashine mmoja baada ya mwingine, nikapiga hodi, nikasema nimekuja kurekebisha kosa langu. Wengi walinipa chai. Mmoja alinifukuza, nilipofika barabarani akaniita. Kila mahali nilikuta kibao nimekipaka rangi, nikakikwangua.

Rehema siku hizi yuko kwao Mkalama. Anafunga pampu za umeme wa jua na kutengeneza mashine za alizeti, na hakungoja mtu amtangazie nafasi. Akikwama ananipigia. Nikikwama nampigia, ila mimi nasema nimepiga kumsalimia tu.

Chuo kilituita tena mkutanoni, swali lilelile, tunataka kijana wa namna gani. Nikasema la kufagia libaki. Lile la kufanya anachoambiwa lifutwe. Wakauliza, tuandike nini mahali pake? Nikasema andikeni: apime, na alichopima akiseme, hata kama aliyekosea ni mzee na amesimama hapohapo. Ndiyo maana sasa kabla hamjawasha mashine mnatakiwa kusimama mbele ya fundi na mwenye mashine mueleze vipimo vyenu kwa sauti. Mnaona kama usumbufu. Usumbufu huo una chanzo, na chanzo chake ni mimi.

Ile puli ya mota ya Issuna nimeitundika ukutani pale Mwankoko, karibu na mlango. Kijana akija, akishasalimia na kufagia, huwa namtungulia, nampa na kipimo, namwambia aniambie kosa lake ni nini. Nyinyi mmeshasoma jibu, kwa hiyo puli hiyo haitafaa tena. Msijali. Nitawatafutia kosa langu lingine. Yapo.